Fulana ya Mama Imelda

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu saba wa ofisi moja ya uwakala wa forodha walikutana kwenye kituo cha mafuta pale Malaba mpakani, kando ya foleni ya malori, tayari kwenda kupanda mlima. Sylvia, mkuu wa ofisi na mwenyekiti wa chama chao, alikuwa ameleta thermosi mbili za chai, ndoo ya mandazi, sufuria ya pilau iliyofungwa kwa leso, na kreti nzima ya soda za chupa. Kila mmoja aliitazama ile kreti, akahesabu chupa ishirini na nne kwa macho, na hakuna aliyeuliza itapandishwa na nani. Quinton, dereva, alikuwa akisugua kioo cha gari la ofisi kwa gazeti la juzi. Brendah wa mapokezi alikuwa amenunua viatu vipya vya kupandia milima, vya rangi ya chungwa, na alikuwa ameanza kuchechemea kabla hata hajatoka kwenye lami.

Everlyne Anyait alifika wa mwisho. Hakuwa amelala vizuri tangu Jumanne, siku Sylvia alipoutaja mlima wenyewe, ule mrefu kuliko wenzake katika vilima vilivyo nyuma ya Chakol. Everlyne alizaliwa mgongoni mwa mlima huo. Ofisini walijua tu kwamba yeye ni Mteso wa huko ndani, na huko ndani ni kukubwa. Angeweza kukataa kwenda, lakini kukataa kunataka sababu, na sababu ndiyo hasa aliyokuwa akiificha kwa miaka miwili. Kwa hiyo alivaa raba, akafunga kitambaa kichwani, akaja.

"Kabla tuingie gari," Sylvia alisema, "kuna sapraizi."

Alifungua katoni, akatoa fulana nyeupe, moja kwa kila mtu. Kifuani palikuwa na uso wa mwanamke wa makamo anayecheka mpaka macho yamefumba, na chini yake maneno TUNAKUKUMBUKA MAMA IMELDA AMOIT. Picha aliipata Brendah, wakati ule Everlyne alipomwomba amhamishie vitu kutoka simu ya zamani.

"Miaka miwili inaisha mwezi huu," Sylvia akasema. "Wamama wa chama wote tuliwatembelea, ni wako tu hatukuwahi. Tukasema leo tupande na yeye."

Everlyne akasema asante. Akalia, na wote wakaamini wanajua anachokililia. Alipoivaa ile fulana, uso wa mama yake ulikaa sawasawa juu ya moyo, na aibu ikampanda kutoka kifuani hadi masikioni, ikabaki huko siku nzima.

Ni vizuri kueleza hapa, gari likiwa bado linatiwa mafuta, jinsi Mama Imelda alivyokufa.

Chama cha ofisi kilikuwa na desturi ya kuona wazazi. Kila baada ya miezi michache wanachama walifunga safari hadi nyumbani kwa mmoja wao, na blanketi jipya, thermosi na sufuria za kumpa mama wa huyo. Walipokewa kwa nyimbo, wakala kuku, wakatoa hotuba ndefu, na kabla ya kuondoka walionyeshwa nyumba chumba kwa chumba, mpaka cha kulala. Kwa mama yake Sylvia, kule Bumala, walikuta vigae sakafuni na choo ndani ya nyumba. Kwa kina Brendah walikuta mapazia ya rangi mbili, na friji iliyowekwa sebuleni mbele ya mlango ili mtu asije akapita bila kuiona. Katika nyumba hizo zote Everlyne aliimba kwa sauti kuliko wenzake, na kila alipoimba alikuwa akiiona nyumba ya kwao.

Nyumba ya kwao ilikuwa ya udongo. Ilipakwa vizuri, ikafagiliwa kila asubuhi, lakini ilikuwa ya udongo. Na Mama Imelda alikuwa akipika ajon, pombe ya wimbi, ambayo ndiyo iliyomsomesha Everlyne mpaka akapata diploma. Mgeni yeyote aliyefika pale baada ya saa tano angekuta wazee sita wameuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni, wakiimba nyimbo ambazo haziimbwi mbele ya watu wa ofisi. Mwenyewe Mama Imelda alitembea bila viatu, alimwamkia kila mtu kwa kumshika mikono yote miwili, na meno mawili ya mbele yalikuwa yamekwisha kwenda zake.

Jumanne moja, miaka miwili iliyopita, saa nne, wakati wa chai, Sylvia alifungua shajara yake.

"Everlyne, mwezi wa nne ni kwenu. Blanketi tushanunua. Tukuje watu wangapi?"

Everlyne alikuwa na kipande cha andazi mkononi. Alifungua mdomo ili aseme watu kumi.

"Mama alikufa," akasema.

"Ati nini? Lini?"

"Wiki jana."

"Na unakuja kazi! Na hutuambii!"

"Ilikuwa haraka. Alizikwa ng'ambo, kwa wajomba, huko mbele ya Soroti."

Mtu akifa huku kwetu, ofisi nzima hukodi gari ikaenda mazishini. Akiwa ameshazikwa, tena ng'ambo, tena kwa wajomba, hapabaki la kufanya ila kutoa pole. Ni uongo ambao ungeweza kutungwa na mtu wa mpakani tu, na ulimtoka ukiwa umekamilika, hauna hata pengo la kuuliza swali. Jioni wenzake walifika kwake na mkate, sukari na tenzi. Lile blanketi la kijivu lililokuwa la mama yake walimfunika yeye mabegani. Amekuwa akijifunika nalo tangu siku hiyo, kwa sababu ni blanketi zuri.

Jumanne hiyo hiyo, saa nne hiyo hiyo, Mama Imelda alikuwa akipalilia mihogo nyuma ya mlima, akafa. Hakuanguka. Jembe lilikuwa jepesi ghafla, na alipotazama nyuma aliona kwamba hakuacha nyayo pale alipokuwa amesimama. Alimaliza mstari, akaenda kwa jirani.

"Naona nimekufa," alimwambia.

Jirani alimshika mkono, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akakubali kwamba ni kweli.

Wakafanya matanga ya siku mbili, kwa heshima yake. Kwa kuwa hakukuwa na mpishi mwingine wa ajon karibu, marehemu mwenyewe aliwapikia waombolezaji. Kaburi halikuchimbwa, maana mwenyewe alikuwa bado anaitumia miguu. Mtoto wa kike aliyezaliwa wiki hiyo kwa jirani akapewa jina lake, Amoit, ili jina lisikae bure, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeitwa kuchovya kidole kwenye pombe na kumtia mtoto mdomoni, kama desturi inavyotaka. Mwezi wa kumi na moja jina lake lilisomwa kanisani katika misa ya kuwaombea marehemu. Alikuwa ameketi benchi la tatu, akajiombea pamoja na wengine.

Kwa jumla maisha yake hayakubadilika sana. Njaa iliisha. Mvua ilimpita bila kumgusa. Mgongo uliomsumbua miaka kumi ukaacha kuuma. Kilichobaki ni baridi, ambayo aliisikia hata jua likiwa la utosi, na blanketi alilokuwa nalo lilikuwa limeliwa na panya katikati.

Na Everlyne alijua. Hilo lazima lisemwe, ingawa yeye hakuwahi kulisema. Alikwenda nyumbani Krismasi zote mbili, na sukari na mafuta ya kupikia, akamwona mama yake akipakua kuku na kutokula hata kipapatio. Alimwona akitoka kwenye mvua kubwa kuleta kuni na kurudi na gauni kavu. Akamuuliza habari za ng'ombe wa jirani.

Gari lilifika chini ya mlima saa mbili kasoro robo. Palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake meza, na nyuma ya meza Mzee Olinga, mzee wa kijiji, ambaye aliandikisha wageni wote katika daftari kubwa lenye mistari aliyoipiga mwenyewe kwa rula: jina, anakotoka, saa ya kupanda, saa ya kushuka, mbebaji, maoni. Nje, wanawake wanne wa kubeba mizigo walikuwa wameketi juu ya jiwe, kila mmoja na kata yake ya majani ya mgomba, ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Wa pili kutoka kushoto alikuwa Mama Imelda.

Everlyne hakujua kwamba mama yake hubeba mizigo. Alikuwa ameweka matumaini yake yote kwenye soko la Chakol, ambako Mama Imelda alikwenda kila Jumamosi kununua wimbi. Lakini mtu asiyechoka hupata kazi mahali popote, na tangu afe, wanawake wenzake walikuwa wamemwomba aje awasaidie mizigo mizito.

Watu saba wenye uso wake kifuani wakasimama mbele yake. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaziangalia zile fulana, akamwangalia binti yake kidogo kuliko alivyowaangalia wengine.

"Mama Imelda?" Sylvia aliuliza.

"Ni mimi."

"Ai, mama. Pole sana kwa yaliyotokea."

"Asante. Nishazoea."

Quinton akavua kofia. Wakapanga mstari, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakampa pole, na yeye akawapokea kwa mikono miwili. Mkono wake ulikuwa baridi, Brendah alisema baadaye, kama wa mtu aliyetoka kuosha vyombo. Everlyne alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Akaushika mkono ule kama wageni walivyoushika.

"Yoga, Toto," alisema kwa sauti ndogo, salamu ya Kiteso ya mtoto kwa mama yake.

"Yoga," mama akamjibu, akauachilia mkono haraka, asimwekee shida.

"Lakini Everlyne alituambia ulizikwa ng'ambo," Brendah akasema. "Huko mbele ya Soroti."

Mama Imelda akafikiri kidogo.

"Nilirudi," akasema. "Si mbali."

Quinton akakubaliana naye. Yeye mwenyewe aliwahi kuvuka mara nne kwa siku moja, kutafuta tu spea ya gari, na hakuulizwa kitu.

"Kumbe huku ndiyo kwenu?" Sylvia akamgeukia Everlyne. "Na unanyamaza tu! Tungekuja na blanketi."

Everlyne akasema ni upande ule mwingine, mbali kidogo. Mama yake akatikisa kichwa kukubali kwamba ni mbali kidogo. Kutoka pale walipokuwa wamesimama, mtu angeweza kuusikia moshi wa jiko lake.

Kuhusu kreti pakatokea ubishi wa adabu. Sylvia alisema haifai, leo ni siku ya mama, atafutwe mwingine. Mama Imelda alisema wengine wanachoka na yeye hachoki. Wale wanawake watatu walithibitisha. Mwishowe akaweka kata kichwani, akachuchumaa, Quinton akamtwika, naye akanyanyuka kana kwamba amewekewa kitambaa. Mzee Olinga akaandika jina lake kwenye nafasi ya mbebaji, akamtazama Everlyne juu ya miwani kwa muda, akawatakia safari njema.

Wakapanda. Mwanzoni waliimba, kisha wakaongea, kisha wakapumua tu. Njia ilipita katikati ya mihogo, ikaingia kwenye vichaka, ikageuka mawe matupu. Mama Imelda alitangulia na kreti, na zile chupa ishirini na nne hazikugongana hata mara moja. Kila walipopumzika aliwangoja bila kuitua. Brendah alipovua kiatu na kukuta kisigino kimechubuka, mama alichuma jani fulani, akalitafuna kwa mazoea ingawa mate hakuwa nayo tena, akambandika.

"Mama, wewe ulikufa na nini?" Brendah akamuuliza, kwa kuwa walikuwa wameshazoeana.

Everlyne, aliyekuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo, akaanza kufunga upya kamba za raba ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Ghafla tu," Mama Imelda akasema. "Nilikuwa shambani."

"Afadhali. Ghafla ni afadhali."

"Ndiyo hiyo naambiwa."

Walipoondoka tena, mama akajichelewesha nyuma, mpaka wakawa wawili peke yao, yeye na Everlyne, na wengine mbele wakihema. Raba za Everlyne ziliacha alama kwenye vumbi, na kando yake hapakuwa na kitu.

"Kuna kitu wazee wa huku waliniambia," mama akasema. "Wale wamama wakubwa. Walisema hii kifo si ya ugonjwa. Ni ya mdomo. Mtu wa tumbo lako akisema umekufa, basi unakufa hivyo hivyo ukitembea."

Everlyne akatazama mawe.

"Na wakasema huo mdomo ukirudi mbele ya wale watu uliwaambia, useme yuko hai, inaisha. Haihitaji dawa. Haihitaji hata mbuzi."

"Toto..."

"Mimi sikuulizi kitu, Anyait. Nakuambia tu vile walisema."

"Kwa nini hukukuja? Malaba si mbali. Miaka miwili!"

"Nikuje ofisi yako?" Mama alishangaa swali hilo kuliko alivyokishangaa kifo. "Bila viatu? Na nimekufa? Si ningekuaibisha."

Everlyne alitaka njia iishe. Alitaka pia isiishe kamwe. Aliona aibu mpaka ikawa na ladha, ladha ya sarafu mdomoni, na hasira ikamjia vilevile, kwa sababu mama yake hakuwa amemlaumu, na mtu asiyekulaumu hakuachii pa kujitetea.

"Unasikia baridi?" akamuuliza mwishowe.

"Hiyo ndiyo imebaki. Lakini kreti inanipa joto kidogo hapa kichwani."

Kileleni walifika saa tano. Upande mmoja waliuona mwamba wa Tororo umesimama peke yake ng'ambo, na Malaba, na malori yamejipanga barabarani hadi macho yakachoka. Upande wa kaskazini Elgon ilikuwa imejifunika mawingu. Upande wa tatu, chini kabisa, palikuwa na nyumba moja ya udongo, na uani wazee sita wenye mirija mirefu. Wimbo wao ulipanda vizuri sana na upepo.

"Hao nao wameanza mapema," Sylvia alisema, na wenzake wakacheka. Everlyne naye akacheka.

Pilau ikapakuliwa. Mama Imelda alipewa sahani ya kwanza, kama marehemu na kama mkubwa wao; akaishika kwa adabu mpaka ikapoa, kisha akampitishia Quinton. Soda zikafunguliwa. Baada ya hapo Sylvia akasimama, akaomba, akashukuru kwa safari, akasema kwamba kile walichokijia sasa kimefika.

"Everlyne, sema neno. Mama yako yuko hapa, sisi wote tuko hapa. Sema lile liko kwa roho."

Everlyne akasimama. Mama Imelda, aliyekuwa ameketi juu ya kreti, naye akasimama. Akajifunga leso vizuri kiunoni, akajipangusa vumbi la mihogo kwenye viganja, akasogea mbele kidogo, na kungoja kama mtu aliye kwenye foleni ya kliniki ambaye wa mbele yake ameshaitwa.

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Everlyne aliyapima: mama yangu yuko hai. Kisha akaona kitakachofuata. Wangeuliza. Angelazimika kusema sababu, na sababu yenyewe ilikuwa pale chini, uani, inaimba. Akaona nyuso zao zikigeuka polepole kutoka kwake hadi kwenye nyumba ile na kurudi. Akaona ule mkate, ile sukari, zile tenzi, kila pole aliyoipokea akiwa ameinamisha kichwa. Akamwona Sylvia akilikumbuka blanketi. Miaka miwili alikuwa mtu wa kuonewa huruma, na hakujua angekuwa nani saa sita mchana huo.

Akafungua mdomo. Mama yake akainua kidevu.

"Mama yangu," Everlyne alianza, na sauti yake ikatetemeka vizuri, "alikuwa mtu wa bidii. Alinilea peke yake. Alilima mihogo akauza sokoni, ndiyo nikasoma. Hakuwahi kulala njaa mgeni aliyefika kwake. Mungu alimpenda zaidi, akamchukua. Mama, pumzika. Tutaonana asubuhi ile njema."

Ilikuwa hotuba nzuri. Brendah alijipangusa macho kwa ukingo wa fulana. Mama Imelda alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliposikia mihogo aliinua macho mara moja, kwa kuwa hakuwahi kuuza mhogo hata mmoja maishani mwake, ilikuwa ya kula tu, kisha akayainamisha tena.

"Amina," wote wakasema. Yeye akasema wa mwisho.

Wakapiga picha. Watu waliokufa hutoka vizuri kwenye picha siku hizi. Katika zote sita Mama Imelda alionekana wazi, kuliko hata Quinton, aliyekuwa hatulii. Kisha akakusanya chupa tupu, moja moja, akazipanga kwenye kreti.

Wakiteremka, Sylvia akakumbuka kwamba fulana moja ilikuwa imebaki, ya dada wa usafi ambaye hakuja. Akampa mama. Ilikuwa ndogo. Mama Imelda akaivaa juu ya gauni, ikambana mikononi, akaivuta chini ikakataa kufika kiunoni. Akautazama uso wake mwenyewe kifuani.

"Hapa nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unapendeza sana, mama," Sylvia akasema.

"Meno yalikuwa bado." Akajishika mabega. "Ni nzuri. Inazuia upepo."

Alipokuwa karibu na Everlyne alimwambia, kwa Kiteso, kwamba ameongea vizuri, na kwamba shule haikupotea bure. Hakuwa akimkejeli. Everlyne angelipa chochote ili iwe kejeli.

Chini, Mzee Olinga aliwaandikisha saa ya kushuka, mmoja mmoja, na wengine wakaenda kwenye gari. Everlyne alibaki wa mwisho mezani. Mzee aliligeuza daftari, akamwonyesha ukurasa wa nyuma. Kulikuwa na majina ya wabebaji wote wanne, na mbele ya kila jina neno hai, isipokuwa mbele ya Imelda Amoit, ambapo palikuwa na nafasi nyeupe.

"Hii nimeiacha miaka mbili," akasema. "Mimi siwezi jaza. Mimi si wa tumbo lake. Wenzako wako hapo kwa gari, hawajaenda. Waite tu, sema, halafu andika."

Akampa kalamu. Everlyne akaishika. Mama yake alikuwa ameketi tena kwenye lile jiwe, na fulana yake ndogo, mikono kwapani. Quinton akapiga honi, si kwa ubaya, alikuwa akijaribu tu kama inafanya kazi. Everlyne akalirudisha daftari kwenye ukurasa wa wageni, akatafuta jina lake, akaandika kwenye sehemu ya maoni: Huduma nzuri. Endeleeni vivyo hivyo.

Mzee Olinga akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyosoma maoni ya kila mgeni. Akafunga daftari.

"Asante," akasema. "Tutaendelea."

Jioni hiyo Sylvia alizituma picha kwenye kundi la ofisi, na watu wakaandika pumzika kwa amani mama, na wengine wakasifu mandhari. Everlyne aliandika amina. Alikuwa amenawa miguu na kujilaza kabla giza halijaingia, amejifunika blanketi la kijivu hadi kidevuni, simu ilipolia.

"Umefika?" mama yake aliuliza.

"Nimefika."

"Miguu inauma?"

"Kidogo."

"Paka mafuta. Yangu haiumi." Kwa nyuma wazee walikuwa bado wanaimba. "Marafiki zako ni watu wazuri, Anyait. Wamesema watarudi mwaka ujao, siku hiyo hiyo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi umwambie huyo mkubwa wenu, hii tisheti inanibana. Mwaka ujao aniletee saizi kubwa. Na kama iko ya mikono mirefu, hiyo ndiyo nzuri, juu ya baridi."

Everlyne akalivuta blanketi. Lilikuwa zito, la joto, halijaanza hata kuchakaa.

"Nitamwambia, Toto."

Na kweli, Jumatatu asubuhi, kabla hata hajawasha kompyuta, alikwenda mezani kwa Sylvia, akamwambia saizi kubwa, mikono mirefu. Hilo aliweza kulisema.